Kiungo cha Nyuma ya Heda

Jina la Mama Kioo lilitungwa na askari wa getini. Siku ya kwanza alipokuja kuanza kazi kwenye ujenzi wa kituo cha umeme, askari alimpekua begi akakuta glavu, miwani, brashi ya waya, na kioo kidogo cha mviringo kilichofungwa kwenye kipande cha waya mnene. Askari akacheka mpaka akaegemea nguzo.

"Mama, huku ndani hakuna saluni. Au utajipodoa na masizi?"

"Uso wangu nilishauacha siku nyingi," akamjibu. "Hicho ni cha kutazamia migongo ya wengine."

Askari hakuelewa, lakini jina lilitangulia mbele ya mwenye jina. Alipofika kwenye chumba cha kubadilishia nguo, watu walikuwa wameshalizoea.

Migongo aliyoisema ni migongo ya mabomba. Kwa asiyewahi kuiona, boila ya kituo cha umeme ni jengo refu lenye kuta za mabomba matupu. Ndani ya mabomba hayo maji huchemka yakawa mvuke, na mvuke ndio unaozungusha mitambo. Juu kabisa hulala bomba nene kama gogo, mafundi huliita heda, na chini ya tumbo lake hushuka mabomba membamba yamepangwa karibu karibu, mkono unapita kati yake kwa kubembeleza. Kila bomba jembamba lazima liungwe na heda kwa moto. Mbele ya bomba unaona unachokichomelea. Nyuma huoni, na nyuma ndiko mvuke unakopenda kutafuta mlango. Basi fundi hutega kioo nyuma ya bomba, akautazama moto wake ndani ya kioo, na hapo mkono unakwenda kulia huku macho yanasema kushoto. Wengi hukoma hapo. Wapo wanaume wenye vifua vyao, wenye maneno mengi kwenye benchi la chai, walioshuka ngazi wakisema kioo kinawatia kichefuchefu.

Mama Kioo hakupata shida, maana maisha yake yote alikuwa upande usiotakiwa. Alizaliwa na shoto. Mwalimu alimchapa mkono huo, shangazi yake akamwonya kwamba hakuna mwanamume atakayepokea sahani kutoka mkono wa kushoto, naye akajifunza kuandika kwa kulia mbele za watu na kufanya mengine yote kwa kushoto wakigeuka. Mwanamume alipatikana. Alikuwa fundi cherehani, mtu mpole wa kuongea na sindano mdomoni, na sahani alizipokea zote bila kuuliza zimetoka mkono gani.

Aliyemtia kwenye moto ni kaka mkubwa wa mume wake. Huyo alikuwa na karakana ya mageti na madirisha ubavuni mwa duka la cherehani, na siku moja mshikaji wake alipokosa kutokea, akamwita mke wa mdogo wake amshikie fremu. Akamshikia. Kesho yake akamshikia tena. Siku ya tatu alisema kushika kunamchosha, anataka kuchoma.

"Shika kwa mkono unaoupenda," Shemeji akamwambia.

Akashika kwa kushoto. Shemeji alimtazama akiunga pembe ya dirisha, halafu akavua barakoa yake ya kuchomelea akakaa kwenye ndoo. Alikuwa na ndoto ya zamani ya kuingia kwenye miradi ya boila, na alijua jambo moja ambalo shangazi hakulijua: kwenye ukuta wa mabomba, fundi wa kulia na fundi wa kushoto wakikutana ni mali. Kila mmoja anafika pale ambapo mwenzake hafiki.

"Shem," akasema, "huo mkono waliokuchapa wataulipia."

Hakukosea. Wakafanya mitihani pamoja, wakaajiriwa pamoja, wakahama mradi huu hadi ule pamoja, na fundi cherehani akabaki na watoto na cherehani yake akiwaambia wateja kwamba nyumbani kwake wote ni washonaji, tofauti ni kitambaa. Kwa kuwa Mama Kioo alimwita Shemeji, kazini kote wakamwita Shemeji, hata msimamizi, ambaye hakuwa na dada wa kumwoza mtu.

Kazi yao ilikuwa hivi. Bomba limesimama wima, kiungo kinalizunguka kama mshipi. Shemeji anasimama upande wa nje, Mama Kioo amejibana upande wa ndani. Ndani ya bomba inapulizwa gesi ili chuma kisiungue kwa nyuma. Shemeji anawasha, anatembeza dimbwi la chuma kilichoyeyuka kutoka ukingo wa kushoto hadi ukingo wa kulia, na akifika mpakani anasema neno moja: "Pokea." Mama Kioo anawasha hapohapo, dimbwi likiwa bado jekundu, anaanzia alipoishia mwenzake na kuzunguka nyuma mpaka alipoanzia Shemeji. Anajibu, "Nimepokea." Hakuna lingine linalosemwa. Ukipokea mapema, mnagongana. Ukichelewa, chuma kimeshapoa, na kati ya moto wako na wa mwenzio kunabaki pengo dogo kama mbegu ya ufuta, ambalo rangi hailionyeshi na brashi hailionyeshi, ila siku mvuke utakapokuja kwa nguvu zake utalijua lilipo.

Na mpaka haukuchorwa kwa chaki. Ulikuwa kwenye kusikilizana kwao, basi. Wakishamaliza, kila mmoja anagonga muhuri wake wa namba kando ya kiungo, mihuri miwili sambamba, kama wachumba waliochora majina kwenye dawati. Watu waliwatania kwa hilo. Shemeji alikuwa akijibu kwamba huyu ni mali ya mdogo wake, yeye kapewa kuitunza tu mchana.

Miaka ikaenda. Dalili zilianza kwenye chai. Shemeji alimimina chai kando ya kikombe, meza ikalowa, watu wakacheka wakasema mzee kapata mpenzi. Akaanza kugonga bega kwenye nguzo za jukwaa, bega lilelile, nguzo zilezile. Akawa anageuza kichwa kizima kumtazama mtu aliyesimama ubavuni mwake, kama anayechunguza mkosaji. Mama Kioo aliyaona yote haya akayaweka moyoni, mpaka siku aliyofungua chombo cha chakula cha Shemeji kuazima chumvi, akakuta kichupa cha matone.

"Hii nini, shemeji?"

"Dawa ya macho. Vumbi."

"Vumbi haliandikiwi na daktari."

Shemeji akatafuna kwa muda mrefu kitu ambacho kilikuwa kimeshamezwa. "Presha ya macho," akasema. "Anasema kilichopotea hakirudi. Kilichobaki ndicho cha kulinda."

"Na kilichobaki ni nini?"

"Katikati naona vizuri sana. Wewe hapo nakuona mpaka chunusi. Pembeni ndiko kulikoliwa."

"Bomba ni la mviringo, shemeji. Lote pembeni."

Shemeji alikifunga kichupa ndani ya kitambaa, akakirudisha chini ya chakula. Kisha akamwambia jambo ambalo Mama Kioo alilibeba tangu siku hiyo. "Boila hii ndiyo yangu ya mwisho. Niache niimalize, nishuke mwenyewe. Kushuka na kuteremshwa ni vitu viwili, shem. Nimeona wenzangu walivyoteremshwa. Mtu amechomelea miaka yote, halafu anakumbukwa kwa kiungo kimoja kibovu. Nikumbukwe kwa vizuri."

Mama Kioo alijua jibu la haki ni lipi. Hakulitoa. Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wahenga hawakuwahi kufundishwa kazi na shemeji yao, wala kula kwake, wala kuazima chumvi kwenye chombo chake. Alisema tu, "Haya," na wakapanda.

Kuanzia hapo ikawa kazi juu ya kazi. Shemeji alikuwa akisema "Pokea" kabla hajafika mpakani, akidhani amefika. Mama Kioo aliliona hilo kwenye kioo: mwanga wa mwenzake unazimika na kipande cha mshono hakijaguswa. Basi alinyoosha mkono kuzunguka bomba, akaingia upande usio wake, akafuata moto ulipoishia, akaurudisha mpaka nyumbani. Wakati mwingine alipita juu ya mshono wa Shemeji kuufunika. Mkono ulimuuma mpaka kwenye kwapa. Naye kila mara akijibu "Nimepokea" kwa sauti ileile ya zamani, ili Shemeji mwenyewe asijue. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, husema wasioubeba. Yeye aliubeba na akaujua uzito wake, na zipo siku alimchukia Shemeji kabisa kwa muda wa bomba moja, kisha ikapita.

Eksirei haikuwa na shemeji. Picha za viungo vya mabomba zilikuwa zikipigwa baada ya kazi, na kwa muda mrefu zilitoka safi, mpaka Mama Kioo akaanza kuamini kwamba boila itakwisha hivihivi. Kisha msimamizi akaja juu na kipande cha utepe mwekundu, akakifunga kwenye bomba moja la mstari wa ndani, kiungo cha nyuma ya heda, mahali pabaya kuliko pote.

"Kina pengo," akasema. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyatoa kama anayauza.

Kiungo kikakatwa. Kipande kilichokatwa kikalazwa kwenye meza ya ofisi, kimepasuliwa na kusuguliwa ili ndani yake isomeke. Msimamizi akawaita wote wawili. Shemeji akakataa kuinama kutazama, akasema ameona vyuma vya kutosha duniani, akasimama mlangoni na kofia mkononi. Mama Kioo akainama. Pengo lilikuwepo, dogo, jeusi, limekaa palepale ambapo moto wa Shemeji uliishia na wa kwake ukapanda juu yake. Chini chuma cha mmoja, juu chuma cha mwingine, na pengo katikati limelala zake kwa amani. Huenda Shemeji aliliacha na yeye akalifunika. Huenda lilitokea yeye alipojinyoosha kupita uwezo wa mkono wake. Alitazama mpaka macho yakamuuma, akakubali kwamba halina jina.

"La nani?" msimamizi akauliza.

"Letu."

Msimamizi akalitazama, akamtazama yeye. "Mihuri miwili," akasema. "Sawa. Kesho asubuhi mrudie. Nitakuwa pale."

Jioni hiyo alimweleza mume wake, ambaye alikuwa akitia vifungo kwenye sare za shule. Mume aliuliza swali lilelile. "Sijui," Mama Kioo akamwambia. "Ukinichinja, sijui. Hakuna anayejua, na hakuna atakayejua." Fundi cherehani akang'ata uzi, akasema kwenye nguo angalau unaona sindano ya nani.

Asubuhi wakapanda. Bomba jipya lilikuwa limeshategwa, gesi inapuliza, msimamizi amesimama kwenye jukwaa na mikono nyuma. Mama Kioo akajipenyeza upande wake, akatega kioo, akashusha barakoa, akangoja. Alikuwa amepanga kila kitu usiku kucha: mwenzake akiishia mapema, yeye atajinyoosha hivi, atapitisha waya wa kuchomelea hivi, msimamizi hataona kwa sababu ya mwanga. Kupitia upenyo kati ya mabomba aliona kifua cha Shemeji, na mkono wake umeshika tochi ya kuchomelea kama unavyoshikwa siku zote.

Hakusikia moto kuwaka. Akadhani tochi ina hitilafu. Halafu akasikia sauti ya Shemeji, ya kawaida kabisa, ya siku zote.

"Pokea."

Bomba lilikuwa la baridi. Hakukuwa na dimbwi, hakukuwa na ukingo, hakuna alichofanya ili kipokelewe. Mama Kioo alikaa na barakoa usoni asiweze kuona chochote, maana bila moto ndani ya barakoa ni giza tu, na akaelewa. Alitaka kumwambia washa, shemeji, mimi nipo. Alitaka kumtukana pia. Ilimchukua muda, na katika kazi yao kuchelewa kupokea ni kosa.

"Nimepokea," akasema.

Akasikia tochi ikitundikwa. Akasikia viatu vyake kwenye ngazi, vikishuka kipandio kwa kipandio. Msimamizi akauliza kuna nini, na Mama Kioo akamjibu kutoka ndani kwamba amepokezwa bomba lote. Mama Kioo akachomelea peke yake, nyuma kwa kioo, kisha akazunguka akasimama pale pa Shemeji akachomelea mbele, na eksirei ikatoka safi. Akagonga muhuri mmoja. Ile nafasi tupu ya kando ya muhuri ilimtazama vibaya.

Wakampa mwenzake mwingine, mwanamume wa makamo mwenye ndevu na adabu, mkono wa kulia thabiti, mtu wa kufika mpakani palepale mpaka unapoishia. Siku ya kwanza walimaliza kabla ya chai. Mama Kioo alirudi nyumbani mkono haumuumi, akalala usingizi wa mtoto, na alipoamka akagundua kwamba amepumzika. Alilia jikoni, kwa hasira, kwa sababu alikuwa amefurahi.

Lakini Shemeji hakushuka. Mwili ulishuka, mwenyewe alibaki kule juu kwenye kile kiungo. Alikuwa akikaa kwenye benchi la wateja dukani kwa mdogo wake kuanzia duka linapofunguliwa, na mtu akimuuliza mbona hayupo kazini, alijibu neno lilelile alilolikimbia: "Nimeteremshwa. Niliharibu kiungo." Mdogo wake alimwambia hajateremshwa na mtu. Akasema, "Niliharibu kiungo." Watu wema wakaja na methali, kwamba heri kufa macho kuliko kufa moyo, na akawashukuru, na moyo ukaendelea kufa palepale benchini huku wakimtazama. Mke wake alimwambia Mama Kioo kwamba usiku hukaa kitandani akizungusha vidole kwenye kikombe kitupu, anauzungusha mshono, anafika mahali anasimama, anaanza upya.

"Ungemsemesha wewe, mdogo wangu," mke wa Shemeji akasema. "Sisi tunamwambia si kitu. Hataki kusikia si kitu."

Hilo lilimwingia Mama Kioo. Ni kweli, kiungo ni kitu. Mwambie fundi kiungo si kitu, umemwambia maisha yake yote hayakuwa kitu. Siku ya mapumziko akamfuata benchini, akakaa kando yake, upande ambao angeonekana, na akasema alichokuwa amekipanga tangu alfajiri.

"Shemeji, lile pengo lilikuwa langu."

Shemeji akageuza kichwa kizima. "Lipi?"

"La kile kiungo. Nililiona pale mezani, wewe hukutaka kuinama. Mshono wako ulikuwa mzima chini. Mimi nilipita juu mkono umechoka, nikachelewa. Langu."

Alikuwa amejiandaa kubishiwa. Alikuwa na maelezo, alikuwa na viapo, alikuwa tayari kuchora kwa kijiti chini ili amshawishi. Alitegemea walau adabu ya kusema la, shem, usijibebeshe. Shemeji hakusema la. Hakusema la hata mara moja, hata kwa heshima. Alipiga goti lake kwa kiganja mpaka paka wa dukani akakimbia.

"Nilijua!" akasema. "Nilijua mimi! Nikasema, mkono huu? Mkono huu uache pengo?" Na akauinua mkono wenyewe akautazama katikati kabisa ya macho yake, mahali ambapo bado aliona vizuri. Kisha akamgeukia mdogo wake kwenye cherehani. "Umesikia? Lilikuwa la mkeo."

Fundi cherehani alikuwa amesikia. Alimtazama mke wake juu ya miwani. Mke wake akatazama barabarani.

Angalikomea hapo ingalikuwa nafuu, lakini furaha haikai benchini. Shemeji alipata miguu. Alikwenda kinyozi akasimulia, akaenda kwa muuza vipuri akasimulia, akaenda mpaka getini kwenye kituo kusalimia wenzake wa zamani, na askari, yule yule mtunga majina, akasikia habari yote kwa mkono na mabega. Siku iliyofuata Mama Kioo alipopita, aliitwa Mama Pengo. Jina hilo lilidumu majuma kadhaa. Msimamizi naye akamwita ofisini.

"Nasikia umesema ni lako."

"Nimesema."

"Kile kipande nilikiona pia mimi." Akangoja kidogo kama anayempa nafasi ya kurudi nyuma. Hakurudi. "Unajua utaratibu."

Aliujua. Fundi anayekiri kasoro hurudishwa kwenye kibanda cha majaribio. Akakaa huko, kwenye kiti cha chuma kati ya wanaotafuta kazi kwa mara ya kwanza, akachomelea vipande vya bomba vilivyofungwa kwenye stendi, mbele, nyuma, kwa kioo, bila kioo, huku mkaguzi akimsimamia kana kwamba hajawahi kushika moto. Alifaulu. Ila hakufaulu kwa raha. Alichomelea akiwa na hasira na Shemeji, hasira ya kweli, ya kumfikiria akiwa kwa kinyozi shingo imefungwa shuka, anasimulia. Alijisemea, mtu huyu hata asante hajui. Kisha alijikumbusha kwamba asante ingemlazimu Shemeji kujua, na akijua, kila kitu kingerudi palepale kwenye kikombe kitupu. Basi akaendelea kukasirika kimyakimya, akamaliza mshono.

Boila ilikwisha. Ilijazwa maji, ikasukumwa kwa shinikizo kubwa kuliko la kazi yake, mafundi wakatembea kila ghorofa na tochi wakitafuta tone, na tone halikuonekana. Watu walipiga makofi kidogo, wakaenda kurudisha vifaa stoo. Mradi unaofuata ulikuwa mbali, na Mama Kioo alipewa majuma ya kupumzika kabla ya kuondoka na yule mwenye ndevu.

Siku moja ya majuma hayo walikula mchana kwa fundi cherehani. Meza ilivutwa katikati ya chumba, cherehani ikasogezwa ukutani ikafunikwa kitambaa, Shemeji na mke wake wakakaa upande wa dirishani kwenye mwanga. Shemeji alikuwa amenenepa. Alikuwa amejifunza kuishika sahani kwanza kwa kidole gumba ndipo achukue kijiko, na hakumwaga kitu. Watoto walimuuliza juu ya boila kama inaunguruma, na hapo hapo hadithi ikatoka, kwa kuwa sasa hadithi zake zote zilikuwa na mlango mmoja. Akaeleza heda, akaeleza mabomba yalivyobanana, akafika kwenye kile kiungo, akakizungusha hewani kwa uma.

"Wangu ulikuwa mzima," akasema. "Chini kule, safi. Sasa mama yenu, kachoka, kapita juu kachelewa. Mwenyewe kakiri. Muulizeni."

Fundi cherehani aliacha kutafuna. Aliweka mkono juu ya meza akamtazama mke wake, maana yeye mume ndiye mtu pekee duniani aliyeambiwa ile jioni ya vifungo kwamba hakuna anayejua na hakuna atakayejua.

"Kweli, mama watoto?" akauliza.

Wakati huohuo mlango ulifunguliwa, wifi yake Mama Kioo akaingia, dada wa mwisho wa Shemeji na fundi cherehani, amechelewa, anahema, anatafuta kiti, anauliza wanasimulia nini. Mama Kioo akasimama akampa kiti chake mwenyewe, akamsogezea sahani.

"Kweli," akamjibu mume wake. Kisha akamgeukia Shemeji. "Anza mwanzo, shemeji. Wifi amekuta katikati."